Jembe

Katika daftari la majeruhi la mwaka 1995 kulikuwa na safu niliyoijaza haraka kuliko zote: mahali pa tukio. Siku hiyo niliandika neno moja, "shambani", nikakimbilia chumba cha upasuaji.

Tulikuwa Zambézia, Msumbiji, miaka mitatu baada ya vita kwisha. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wakirejea kutoka ukimbizini, wengi wao Malawi, na mama niliyempokea siku hiyo alikuwa mmoja wao. Alikanyaga bomu akienda kulima shamba la marehemu baba yake, lililogeuka pori.

Bomu la kutegwa ardhini halikati mguu kama panga. Mlipuko husukuma udongo, majani, vipande vya kiatu na vya mifupa ya unyayo kwenda juu, katikati ya misuli, hata pale ambapo ngozi inaonekana nzima. Ukiiamini ngozi, mgonjwa ataoza mikononi mwako. Nilipasua kuelekea juu, nikiondoa kila msuli usiotoa damu na usiotikisika ukibanwa kwa koleo. Majani nilikuta yamejisokota kwenye mfupa wa muundi, karibu kabisa na goti. Goti tuliliokoa. Mwenye goti lake huumudu mguu wa bandia kwa urahisi zaidi. Kidonda nikakiacha wazi chini ya bandeji, kishonwe siku ya tano kikiwa safi.

Siku ya nne wakaleta mtoto wa kiume, miaka tisa hivi. Muuguzi aliyekuwa akitutafsiria Kilomwe alisema na waliombeba, kisha akanigeukia.

"Daktari, ni njia ileile. Alifuata jembe la shangazi yake."

Goti la mtoto halikuokoka. Na mtoto hukua: mfupa huweza kurefuka ndani ya kigutu hadi utishie kutoboa ngozi, akatwe tena, na mguu wa bandia ubadilishwe kila baada ya miezi michache mpaka awe mtu mzima. Niliyawaza hayo yote nikiwa nimeshika msumeno.

Rekodi za madaktari wa upasuaji wa Msalaba Mwekundu zilisaidia kuleta Mkataba wa Ottawa wa 1997 uliopiga marufuku mabomu haya, na ninazienzi. Lakini rekodi yangu mimi ilikuwa na neno moja, nalo halikumwonyesha mtu yeyote pa kuweka kigingi cha kuonya.

Usiku huo nilikaa kando ya kitanda cha mama, nikamwomba anieleze njia. Alikuwa ameshaambiwa habari za mtoto. Alilia kwanza, nami nikangoja. Halafu akachora kwa kidole juu ya blanketi, muuguzi akinakili nyuma ya bahasha ya eksirei: kijito, mwembe, kichuguu, mahali njia inapopinda, mahali jembe lilipoanguka. Wanawake wengine, alisema, hupita hapo kuteka maji.

Alfajiri niliipeleka bahasha kwa wategua mabomu. Niliongozana nao hadi kwenye kamba, nikawaona wakipiga magoti na kuchokonoa udongo taratibu, shibiri kwa shibiri. Jembe lilionekana mbele yao, mpini juu.

Siku ya tatu ya kazi hiyo mmoja wao aliniletea. Nikalipeleka wodini. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akafuta udongo kwa pindo la khanga, akaniomba nilisukume chini ya kitanda cha mtoto.