Besi kali ilikuja kufanya nini?

Nilipoanza kujifunza sinthesisi ya oganiki kitu kimoja kilinisumbua sana, unatia besi kali mwanzoni, mwisho unapima ulichopata, ile besi haimo kabisa. Kumbe kazi yake ni kubandua tu protoni kwenye kaboni iliyo jirani na kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili), ikishabandua ile kaboni inabaki na elektroni mbili na hapo ndo inapata nguvu ya kwenda kushika kaboni nyingine. Bila hivyo ketoni (molekuli yenye hiyo kabonili) na iodidi ya methili unayotaka iipe kaboni yake zitakaa chupa moja wiki nzima hazina habari na mwenzake.

Mara ya kwanza nilitumia ethoksaidi ya sodiamu, nikajua besi ni besi tu. Nikapata uji wa kahawia! Na hesabu ilikuwa mbele ya macho yangu jamani, pKa (namba ikiwa kubwa, protoni imeshikwa kwa nguvu zaidi) ya asetoni, ketoni niliyotumia, ni kama 19, ya ethanoli kama 16, yani protoni ikibanduliwa inarudi haraka, muda wowote ule enoleti (ketoni iliyobanduliwa protoni) ni kidogo mno na ketoni nzimanzima zimejaa, basi enoleti inaivamia ketoni mwenzake, ndo aldoli hiyo, ketoni mbili zimeungana zenyewe. Nilichotaka sikukipata.

Ndo maana watu wanatumia LDA, yaani diisopropilamidi ya litiamu, besi inayotokana na diisopropilamini. Diisopropilamini ina pKa kama 36, protoni ikienda huko hairudi, ketoni yote inageuka enoleti kabla hata hujagusa iodidi.

Sasa utasema si bora butili litiamu, ni kali zaidi? Ni kali kweli, na LDA yenyewe inatengenezwa kwa hiyo hiyo, ila ukiipa ketoni itapiga kabonili moja kwa moja. LDA ina isopropili mbili zimebanana kwenye nitrojeni, haipenyi mpaka kwenye kabonili, protoni iko nje nje inaifikia. Mimi hapo ndo nilielewa kwamba ukali ni kitu kimoja na kupenda kushambulia ni kitu kingine.

Ubonge huo huo ndo unachagua upande: kwenye 2-methilisaikloheksanoni (ketoni ya duara yenye methili upande mmoja wa kabonili), LDA kwa nyuzi -78 inabandua upande usio na methili. Ukitaka upande wa pili tumia tert-butoksaidi ya potasiamu, uache joto lipande, protoni ziende zirudi mpaka enoleti iliyo tulivu zaidi ishinde.

Halafu ketoni ndo inadondoshewa kwenye LDA, taratibu, sio LDA kwenye ketoni. Hilo nalo nilishaligeuza, nikaupata ule uji tena.