Siku moja maishani mwangu: kuongoza familia msituni Karura

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha hapa Banana, mji mdogo wa Kiambu. Nikiamka nasikiliza mabati kwanza kabla ya kuwasha taa, kwa sababu njia za Karura, msitu wa jijini Nairobi, ni za udongo mwekundu, zikilowa zinateleza vibaya, na leo nina wageni wenye mtoto mdogo na shosho, yaani bibi yao. Nakunywa chai, navaa gambuti, natoka.

Saa moja. Matatu inanishusha karibu na lango la Barabara ya Limuru. Wageni hawajafika, kwa hiyo naikagua njia peke yangu. Tawi kubwa la mkaratusi limeanguka likaziba kijia cha kuelekea mtoni. Nampigia mlinzi wa zamu kumwarifu, kisha nachagua njia ya kuzunguka. Mikaratusi ilipandwa hapa wakati wa ukoloni ili reli ipate kuni, na kidogo kidogo inaondolewa ili miti ya kienyeji irudi. Kazi hiyo naipenda kuliko zote zinazofanywa humu.

Saa tatu. Wamefika kutoka mtaa wa Donholm: baba, mama, watoto watatu, na shosho aliyekuja kutoka Murang'a likizo hii ya Aprili. Kiingilio wamelipa kwa simu. Mikoba inakaguliwa, maana tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi misituni wala mbugani.

"Kuna simba?" anauliza mtoto wa kati.

"Hakuna. Kuna paa, nguruwe mwitu na mbega. Tukipunguza sauti tutabahatika."

Baba yeye anataka kujua tutafika lini kwenye maporomoko ya maji. Karibu kila familia huuliza hivyo, na jibu langu ni lile lile: tutafika, lakini tusiende mbio. Anayekimbilia maporomoko hurudi nyumbani na picha tu. Msitu huu una zaidi ya hekta 1,000, na utamu wake uko njiani.

Saa nne. Hatujaenda mbali, na tayari tumesimama. Siafu wanavuka njia. Nawapanga watoto hatua chache nyuma, suruali ndani ya soksi, kisha tunachuchumaa. Katikati wanapita wadogo, wengine wamebeba mayai meupe. Pembeni wamesimama askari wenye vichwa vikubwa, taya zimefunguliwa, wamekaza miguu kama walinzi wa lango. Nawaambia watoto kwamba siafu hawa hawaoni kabisa. Wanafuata harufu ya waliotangulia. Binti mkubwa ananyamaza, kisha anauliza: mvua ikiosha harufu je? Wanaitafuta upya, namjibu, kwa vipapasio vyao, hatua kwa hatua. Tunakaa pale hadi baba naye anachuchumaa. Nafurahi sana kuona hivyo. Mtoto anayelelewa ghorofani anahitaji mtu mzima wa kuchuchumaa naye.

Mbele kidogo ni miti ya mihugu. Naokota jani lililoanguka na kuligeuza: juu kijani, chini jeupe. Ubao wake ni mgumu na wachongaji wa Ukambani wameutumia miaka mingi, ndiyo maana mihugu mikubwa imekuwa adimu kwingine. Halafu shosho anasimama mwenyewe mbele ya mti mwingine, anauwekea mkono. "Huu ni muthiga," anasema. Nyumbani kwao walichemsha gamba lake kutibu kifua. Wajukuu wanataka kuonja. Gamba halibanduliwi hapa, kwa hiyo nawapa kipande cha jani lililodondoka. Linawasha ulimi kama pilipili, wanapiga kelele, shosho anacheka hadi anashika fimbo kwa mikono miwili. Kuanzia hapo yeye ndiye anayeulizwa maswali, nami nafuata nyuma.

Saa sita. Maporomoko, yamejaa maji ya kahawia. Picha zinapigwa. Tunapita pia kwenye mapango ambayo inasimuliwa wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na wakoloni, walijificha.

Saa saba. Chapati na ndengu kwenye uwanja wa mapumziko. Kima wanakuja mezani, na nasisitiza wasipewe hata ganda la ndizi. Wakizoea chakula cha watu wanaanza kunyang'anya. Kitinda mimba ndiye anayewaona mbega juu ya mti, mikia mirefu meupe ikining'inia. Mbega wa hapa waliletwa upya kutoka Kipipiri, kule Nyandarua. Namwonyesha kwa mkono wangu jinsi wanavyoshika matawi bila kidole gumba.

Saa nane. Tukirudi nawasimulia kuhusu Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Miaka ya 1990 sehemu za msitu huu, uliohifadhiwa tangu 1932, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba. Januari 1999 alikuja na wenzake kupanda miti, wakashambuliwa, akaumizwa kichwani. Hawakuacha. Mama anasema alikuwa mwanafunzi wakati ule na anakumbuka habari hizo redioni. Anawasimulia wanawe mwenyewe, kwa maneno yake, nami sina la kuongeza.

Saa kumi. Wameondoka. Shosho ameniachia ndizi na kuniambia nimtafute nikifika Murang'a. Narudi kijiani na gunia kuokota karatasi chache, kisha naandika daftarini: tawi la mkaratusi, njia ya mtoni, msumeno unahitajika kabla ya Jumamosi. Kesho ni wanafunzi wa sekondari.