Ndoo Mbili

Baba mkubwa alikuwa mrina asali wa Sikonge, Tabora, ambaye watu walitoka vijiji vya mbali kumfuata. Akiwatazama nyuki wakinywa maji kisimani, alikuonyesha upande ulipo mzinga wao. Kwa hiyo bwana nyuki mpya alipoingia uani, kijana wa ndevu za kuhesabu, nilijua kuna kazi. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, msimu wa kurina, na wazee wenzake baba mkubwa walikuwa wamejaa barazani.

Kijana akatoa shikamoo, akaonja asali, akasema ina moshi.

Mzee mmoja akaguna. Asali na nta za Unyamwezi zilikuwa biashara kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, leo mtoto huyu aje awafundishe wazee habari za nyuki?

Baba mkubwa akavuta kigoda. "Hebu nieleze, mwanangu. Moshi umeingilia wapi?"

Tangu hapo nimekaa na wakubwa wengi maofisini. Wanaoweza kuuliza hivyo mbele ya watu ni wachache mno.

Kijana akaeleza. Kienge cha moto huangusha majivu kwenye masega. Bomba la moshi lingewatuliza nyuki bila kuchafua. Tena masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta yana maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 asali huchachuka kirahisi. Akatoa kifaa chake cha kupimia maji ya asali, akadondosha tone kwenye kioo, wakapokezana kuchungulia kwenye mwanga wa jua. Baba mkubwa akarudia kuchungulia, akauliza mstari unasomwaje, kisha akamwita yule aliyeguna aje aone.

"Basi ndoo mbili," akasema. "Yaliyozibwa tuuze. Mabichi ya wanzuki, pombe yetu ya asali."

Mama mkubwa alikuwa akipita na sufuria. "Na mimi niliposema tusichanganye, nilikuwa nauambia ukuta?"

Wazee wakatazama chini. Kumpokea mgeni mwenye kifaa si kugumu kama kumpokea mkeo, hilo nililiona siku ile.

"Ulisema, mama," baba mkubwa akajibu, bila kushusha sauti. "Sikusikiliza. Kuanzia leo kuchambua ni kazi yako, na hakuna atakayekuingilia."

Mama mkubwa akatua sufuria, akachukua kisu, akaanza na sega ambalo yule mzee aliyeguna alikuwa amelishika mkononi.