Buti za dhahabu, na bomba la kitenge lililoninasa mguu

Krismasi iliyopita mimi, msichana, nilicheza mmoja wa wafalme wa Mashariki parokiani kwetu hapa Goma, kwa sababu kati ya wavulana watatu walioombwa ni wawili tu waliofika mazoezini. Kanzu ilipatikana, na taji pia. Kilichokosekana ni buti. Mama anayetuongoza alitaka ndefu, za dhahabu, mpaka magotini. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa na raba nyeusi zinazofunika vifundo. Nikasema basi, nitazivalisha kitambaa.

Nilianza kwa fundi wa mtaa wetu, mzee anayeheshimika, nami nikampelekea kitenge cha manjano. "Mtoto wangu, hilo ni bomba tu, kama mguu wa suruali," akanihakikishia. Akapima kifundo juu ya raba, sentimita 27, kigimbi 36, akashona. Likiwa mezani lilipendeza sana lile bomba. Nyumbani nikaingiza mguu, ukafika kisiginoni ukagoma. Mdogo wangu akashika juu na kuvuta, mimi nikasukuma. Kisigino kikapita nusu, halafu kikakataa kwenda mbele na kikakataa kurudi nyuma. Robo saa nzima niko sakafuni kama mbuzi wa sikukuu, na mama yuko jikoni anauliza nani anachinjwa. Ilibidi tukate kwa mkasi. Baadaye nikachukua utepe mwenyewe, nikazungusha kutoka ncha ya kisigino hadi juu ya wayo, nikapata 38. Sasa 38 ingepitaje kwenye 27? Na angeshona bomba la 38, ningekuwa mfalme aliyevaa magunia. Fundi akashauri tuweke zipu nyuma, lakini kitenge changu kilikuwa kimeshakwenda.

Jirani mmoja naye akaniambia nipake gundi ya viatu kwenye raba, kitambaa kikae milele. Milele, kwenye raba za yaya! Nisingelala nyumbani siku hiyo.

Kumbe dawa ilikuwa kitambaa kinachovutika. Katika mitumba ya Birere, hapahapa mjini, nilipata gauni refu la dhahabu linalong'aa, sijui nani huko Ulaya alilichezea disko. Nililipa franka elfu chache, na nilibishana mpaka muuzaji akacheka. Angalia tu kinavutika upande gani: upande huo lazima uzunguke mguu. Ukiulaza kutoka gotini kwenda chini, utarudi kwenye hadithi ya mbuzi.

Sasa ujanja ninaojivunia. Nilivaa raba, nikafunga mguu wote kwa sacheti, yaani mifuko ya plastiki, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, kisha nikazungushia skochi, ile tepu ya kunata, juu yake mpaka nikawa kama mgonjwa wa ajali ya moto. Kwa kalamu nikachora mstari mbele katikati ya mguu hadi kidoleni, mwingine nyuma hadi kisiginoni, na wa tatu kuzunguka ukingo wa soli. Mdogo wangu akakata kufuata mistari, polepole, nami nikimtishia. Vikatoka vipande viwili, cha ndani na cha nje, vyenye umbo la mguu wangu kamili pamoja na raba. Sentimita moja ya mshono pembeni, basi.

Usiku umeme ulikatika, nikakata kitambaa kwa mwanga wa simu, bila kugeuza vile vipande vya skochi kwa ajili ya mguu wa pili. Asubuhi nina miguu miwili ya kushoto. Bahati gauni lilikuwa refu.

Mashini ya mama ni ya pedali, inashona mstari mnyoofu tu. Uzi wa mstari mnyoofu hukatika kitambaa kikivutwa, kwa hiyo nilikuwa nakivuta kidogo mbele na nyuma ya sindano wakati wa kushona, halafu nikapita mara ya pili juu ya mshono uleule. Haujaachia hadi leo. Juu, penye goti, kitambaa kilikuwa kinalala kama sikio la mbwa. Nikatia ndani ukanda wa mfuko wa mchele, kikasimama wima kama cha askari.

Chini ya soli niliweka lastiki, mbele ya kisigino. Lastiki, Goma! Mazoezi ya kwanza uani, juu ya mawe meusi ya volkano, ilikatika kabla hatujafika Bethlehemu. Nikaenda kwa baba mmoja anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali za kubebea mizigo, akanikatia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, hakutaka hata pesa. Nikavishona kwa mkono, nikaumia dole gumba. Hivyo mawe hayakuviweza.

Siku yenyewe mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama buti nimezinunua Dubai. Nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Fundi naye alikuwa benchi la pili. Baada ya misa ya Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kuomba "yale makaratasi ya skochi". Nikampa. Ule mguu wa kushoto wa ziada anao mtoto wa jirani, anauvaa kichwani na kusema yeye ni askofu.