Jumamosi chini ya mti wa Tsudunyi

Nimezaliwa Moshi, nimesoma Moshi, na hadi Jumamosi iliyopita sikuwahi kusimama chini ya mti wa Tsudunyi, kule Old Moshi. Imeniuma.

Tulipanda Old Moshi kupitia Kiboriloni, mimi na mwanangu wa darasa la sita. Migomba na kahawa pande zote, mimea ya masale kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachagga. Mzee mmoja wa pale alipoona tunaulizauliza njia, akaacha jembe lake akatusindikiza.

Kwenye mti huo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi (yaani chifu) Meli wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Wamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Miaka minane kabla, 1892, Meli na askari wake waliwashinda Wajerumani hao hao, kamanda wao von Bülow akafa. Inasimuliwa kwamba baada ya kunyongwa, kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi.

Mwanangu akamuuliza yule mzee, "Babu, sasa amezikwaje bila kichwa?" Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ndiyo maana bado tunamsubiri, mjukuu wangu."

Nilishindwa kusema neno.

Watalii wanapita mjini kila siku kuelekea mlimani. Na sisi wenyeji tunapita Kiboriloni kila siku ya soko, hatukunji kona kupanda juu. Jamani, pelekeni watoto, wazee wanaosimulia bado wapo.