Kamusi ya majina ya ukoo ya Kichina: kadi ya 馬 (Ma)

Kadi ya 馬 imekamilika, nayo imetuchukulia nafasi kubwa kuliko tulivyodhani, maana jina hili halina chanzo kimoja.

Umbo ndilo rahisi: ni picha ya farasi. Kwenye mifupa ya kubashiria ya enzi ya Shang alichorwa wima, kichwa juu, singa ubavuni, mkia chini. Nukta nne za 馬 ya leo zimebaki kutoka kwenye miguu na mkia. Anayepanga herufi kwa sehemu zake awe macho hapa: nukta kama hizo chini ya 熱, "joto", ni moto.

Taiwan na Hong Kong huandika 馬, mistari 10. China bara huandika 马, mistari 3. Weka zote mbili kwenye jedwali la kamusi (namba zake za Unicode, mfumo wa kompyuta wa kutambua herufi, ni U+99AC na U+9A6C) na uziunganishe na kadi moja, la sivyo utafutaji utarudisha watu wa upande mmoja tu. Weka na toni pia: Mǎ ni farasi, ila Má (麻), katani, ni ukoo mwingine kabisa. Na Beh wa Malaysia ni 馬 huyuhuyu kwa matamshi ya Kihokkien, lugha ya Kichina ya kusini.

Kuhusu chanzo, simulizi kuu ni ya Zhao She, jemadari wa dola ya Zhao katika karne ya 3 KK. Alitunukiwa cheo cha Bwana wa Mafu. Wazawa wake wakajiita Mafu, kisha wakabakiza Ma. Kwa hiyo kuandika "ukoo wa wafuga farasi" ni kupotosha.

Wahui, Waislamu wa China, nao wengi ni Ma, na kwao herufi hii mara nyingi inasimamia sauti ya kwanza ya Muhammad. Zheng He, baharia ambaye meli zake zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki, alizaliwa Ma. Jina la ukoo la Zheng alipewa na mfalme Yongle mwaka 1404. Jiwe la kaburi la baba yake, lililoko mjini Kunyang na lenye maandishi ya 1405, linamtaja baba huyo kwa ukoo wa Ma na kwa jina la Haji. Mfano huu tumeuweka juu kabisa ya kadi.

Inayofuata ni 司馬 (Sima), kutokana na cheo cha msimamizi wa majeshi. Isikatwe: programu nyingi huhesabu herufi ya kwanza pekee kuwa ukoo, na mwanahistoria Sima Qian huishia chini ya "Si".