Norfolk, 1790: Merikebu Sirius, Ndege wa Mlimani na Leso ya Mama Yangu

Katika safari zote nilizosafirishwa bila kuulizwa, ile ya Machi 1790 ndiyo iliyonishtua kuliko nyingine, ijapokuwa ilikuwa fupi mno ukiilinganisha na ile iliyotung'oa Portsmouth tarehe 13 Mei 1787 na kututupa upande wa pili wa dunia mwezi wa Januari uliofuata. Kuhusu safari hiyo ya kwanza sina mengi ya kusema. Tulikuwa merikebu 11. Tukapita Tenerife, tukapita Rio de Janeiro ambako machungwa yalikuwa rahisi hata sisi wafungwa tukagawiwa, tukapita Cape Town ambako kila kitu kilikuwa ghali, kisha yakawa maji matupu. Mimi nilikuwa ndani ya Lady Penrhyn pamoja na wanawake wenzangu zaidi ya 100, na hukumu yangu ilikuwa miaka 7 kwa ajili ya kitambaa cha bwana niliyekuwa nikimfulia nguo huko London.

Kilichotuondoa Port Jackson, bandari ya koloni letu jipya la wafungwa huko Australia, ni njaa. Tangu tuliposhuka pale mwaka 1788 hakuna tanga lililoonekana likitoka Uingereza. Nyama ya nguruwe iliyokuwa bohari ilikuwa imekaa ndani ya chumvi miaka mingi, ikasinyaa hata ukiichemsha hubaki kipande cha kutia kinywani mara moja. Sisi wanawake tulipewa theluthi mbili za posho ya mwanamume, kana kwamba tumbo la mwanamke lilipimwa na fundi mwingine. Machi 1789 askari 6, wale wale waliokuwa wakituchunga, walinyongwa kwa kuiba vyakula vya bohari, na hapo ndipo kila mmoja wetu alipojua hali imefika wapi. Basi Gavana Arthur Phillip akaamua kutugawa: sehemu ya wafungwa na askari waende Kisiwa cha Norfolk, ambako Luteni Philip Gidley King alikuwa ameanzisha makazi na watu wachache tangu Machi 1788, na ambako udongo ulisifiwa kwa rutuba. Merikebu za kutupeleka zilikuwa mbili, Sirius na Supply, na hizo ndizo zilizokuwa zimebaki kwa koloni zima. Sirius ikishatushusha ilikuwa iende Uchina kununua chakula. Naomba msomaji alishike hilo.

Tuliondoka tarehe 6 Machi, wafungwa karibu 200 pamoja na watoto. Tulilala tumebanana chini ya sitaha hata mtu akitaka kugeuka ilibidi amwamshe jirani. Mwenzangu mmoja alikuwa na sufuria ndogo, na kwa kuazima sufuria hiyo mara moja alitaka umfulie nguo zake zote na za mtoto wake. Nikamfulia kwa maji ya bahari, nikichubuka vidole, kwa sababu bila sufuria hakuna uji.

Tarehe 13 kisiwa kikaonekana, cheusi kwa misunobari iliyosimama wima hadi ukingoni mwa majabali. Upande wa kusini, yalipo makazi, mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mwamba kwa namna ambayo hakuna mashua ingepita, kwa hiyo tukazungushwa hadi upande wa kaskazini mashariki, mahali paitwapo Cascade. Pale hakuna ufuo. Mashua husogezwa karibu na jiwe moja kubwa, wimbi likiinua mashua unaruka, na ukichelewa unasubiri wimbi jingine au unaangukia majini. Mwanamke aliyenitangulia alimtupa mtoto wake mikononi mwa baharia aliyekuwa juu ya jiwe, kisha akaruka mwenyewe akilia. Nami niliruka nikiwa na nguo nilizovaa tu, kwa sababu tuliambiwa masanduku yatafuata. Halafu tukatembea kukikata kisiwa kwenda makazini, katika kinjia chenye mitambaazi inayonasa miguu, na usiku ule tukagundua kwamba sisi tumeshuka lakini chakula chetu hakijashuka. Upepo ulizisukuma merikebu mbali na ardhi, na kwa siku kadhaa hatukuziona.

Asubuhi ya tarehe 19 zikarudi, zote mbili, upande wa makazi. Wengi wetu tulikwenda pwani, maana kila pipa tulilotarajia kuliona likibingirika mchangani lilikuwa mkate wetu. Ishara ikapandishwa kwamba mashua zinaweza kupita. Sirius ikasogea, ikajaza mashua zake, na wakati huo mkondo ulikuwa ukiivuta polepole kuelekea mwamba. Tuliokuwa nchi kavu tuliona jambo hilo kabla hatujalielewa: merikebu ilikuwa inatazama bahari, lakini ilikuwa inakuja kwetu. Wakakunjua matanga ili itoke nje, upepo ukageuka. Wakajaribu kuigeuza upande wa pili, ikakataa. Supply, iliyokuwa karibu, iliponyoka kwa shida. Sirius ikatia nanga, na kabla nanga haijashika, ilipiga mwamba.

Sauti ile sikuisikia kwa masikio peke yake. Niliisikia kwenye nyayo. Ikanyanyuliwa, ikapigizwa tena. Mabaharia wakakata milingoti ili merikebu ipate wepesi, nayo ikaanguka yote, na kamba na matanga yake, ndani ya povu. Mzee mmoja miongoni mwa wafungwa, aliyekuwa baharia kabla ya kuhukumiwa, alivua kofia yake akaishika kifuani kama mtu aliye mazishini, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo ilikuwa iende Uchina." Hakusema zaidi.

Watu waliokuwa ndani walitolewa kwa kamba. Pipa tupu lenye kamba nyembamba liliachwa lielee hadi ufuoni, na kamba hiyo ikavuta amari, na amari ikafungwa kwenye mti. Kisha chanja ya mbao ikaning'inizwa, na watu wakawa wanavutwa juu yake, wakipita katikati ya mawimbi, wakizama na kuibuka, huku sisi tukivuta. Nasema sisi, kwa kuwa mikono ya wanaume haikutosha. Nilishika kamba ile nikiwa nyuma ya askari ambaye juma lililotangulia alikuwa akituhesabu chini ya sitaha, na ngozi ya viganja vyangu na vyake ilitoka kwa pamoja. Mwamba ule ni mkali. Wengi walifika wakitoka damu magotini na viwikoni, na Kapteni John Hunter mwenyewe aliletwa nusura roho imtoke. Giza lilipoingia tukawasha mioto pwani, na waliosalia wakavutwa kesho yake. Hakufa hata mtu mmoja. Nimekutana na watu wasioniamini nikisema hivyo, lakini nilikuwepo.

Usiku ule sikulala, na si kwa baridi. Nilikuwa nikipiga hesabu ya nyumbani. Hukumu yangu ilikuwa iishe mwaka 1793, na hata kabla ya hapo kulikuwa na jambo lililokuwa likiniuma kuliko njaa: orodha za hukumu zetu hazikuletwa pamoja nasi. Wenzetu waliomaliza miaka yao wakiwa Port Jackson walidai uhuru wao, wakaambiwa hakuna karatasi ya kuthibitisha, waendelee na kazi mpaka jibu litoke Uingereza. Sasa merikebu ambayo ingeweza kuleta jibu ilikuwa imelala ubavu mbele yetu. Nilimwaza mama yangu pale Wapping, mtaa wa London kando ya mto, ambako tangu utotoni nilizoea kuona milingoti mingi kuliko miti, na hakuna hata siku moja niliyowahi kufikiri kwamba chombo kimoja kati ya vile ni kitu cha kuliliwa na watu 500. Maana ndivyo tulivyokuwa, karibu watu 500, katika kisiwa ambacho mtu hukizunguka kwa siku moja.

Mara sheria ya kijeshi ikatangazwa. Bendera ikasimamishwa, na sote, askari, mabaharia na wafungwa, tukapita chini yake, wanaume wakivua kofia, kuwa ndiyo kiapo chetu cha kukubali. Atakayeiba chakula atauawa. Posho ikakatwa, kisha ikakatwa tena.

Kulikuwa bado na wanyama na mapipa ndani ya Sirius. Wafungwa wawili walijitolea kuogelea hadi kwenye merikebu, wawatupe wanyama baharini waje ufuoni. Waliwatupa wanyama. Kisha wakakuta pombe, wakakataa kurudi, na giza lilipoingia tukaona mwanga ndani ya merikebu ukikua na kubadilika rangi. Walikuwa wameitia moto. Unga wetu, nyama yetu, masanduku yetu, vyote vilikuwa mle. Ndipo mfungwa mwingine, jina lake John Ascott, akaingia majini usiku ule ule, katika mawimbi ambayo mchana tulikuwa tukiogopa kuyatazama, akafika, akauzima moto na kuwalazimisha wale wawili watoke. Ningependa jina lake litajwe mara nyingi kuliko linavyotajwa. Kwa wiki zilizofuata mapipa mengi yaliokolewa kwa sababu yake.

Sanduku langu pia lilifika, limepasuka. Ndani mlikuwa mmebaki mchanga. Sindano, uzi, na leso ya buluu ya mama yangu yenye pindo alilolishona kwa mkono wake, vyote vilikuwa vimekwenda. Wiki kadhaa baadaye nikaiona leso ile shingoni mwa mtu. Alisema aliinunua kwa haki, na kwamba atanirudishia kwa unga wa wiki nzima. Unga wa wiki nzima! Sikuwa nao, na mahali ambapo wizi ni kifo, kumshtaki mtu kwa leso ni kumtafutia kamba. Nikanyamaza.

Kilichotuweka hai si unga wala si viazi. Kaskazini magharibi ya kisiwa kuna mlima uitwao Mount Pitt, na mwezi wa Aprili, kila jioni jua lilipozama, anga juu ya mlima ule lilijaa ndege wa baharini wa rangi ya majivu iliyokoza, wakija kutaga katika mashimo waliyoyachimba ardhini. Hawakuwa wakimwogopa binadamu, kwa kuwa hawakuwahi kumjua. Tulipanda jua likizama, makundi kwa makundi, tukiwa na mienge ya vifundo vya msunobari vyenye utomvu. Ukiwasha moto mdogo, ndege hushuka wenyewe kutoka angani, wanaanguka miguuni mwako. Ardhi ilikuwa imetobolewa kiasi kwamba mguu ulizama hadi gotini kila hatua. Unalala kifudifudi, unaingiza mkono shimoni hadi begani; kwanza unakutana na udongo wa baridi, kisha joto, kisha mdomo wenye ncha unaokuuma kidole. Yai huwa moja tu, jeupe. Nyama yake ina shombo la samaki, na mafuta yake hubaki kwenye nywele siku nyingi, lakini tulikula tukashukuru. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikipita soko la Leadenhall nikiwatazama bata bukini waliotundikwa, bila kuwa na senti ya kununua hata miguu yao. Huku nilikula ndege hadi nikachoka kunyonyoa.

Watu waliwaita ndege wa majaliwa ya Mungu, na nami niliwaita hivyo. Ndiyo maana nisingependa kulificha lililofuata. Kulikuwa na watu waliopenda mayai kuliko nyama, nao walikuwa wakimkamata ndege, kumpasua tumbo, kutoa yai na kumwachilia aende akafie vichakani. Nilimwona kijana mmoja akifanya hivyo, nikamwambia, "Mdogo wangu, muue kwanza." Akanijibu kwamba wako wengi. Walikuwa wengi kweli. Afisa mmoja aliyekuwa akiweka hesabu alipata ndege zaidi ya 170,000 waliouawa kuanzia Aprili hadi Julai. Lakini kila mwaka uliofuata mioto ilibidi iwashwe juu zaidi mlimani, na nguruwe tuliowaleta wakawa wanafukua mashimo, na miaka kumi haikupita sana kabla hapajabaki ndege wa kushuka. Tuliwala wote, wao waliotuokoa.

Mwezi wa Agosti ndege wakiwa wanapungua, merikebu mbili zikatokea, Justinian na Surprize. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Zilileta unga, zilileta wafungwa wengine waliodhoofika hata wakatutisha sisi wenye njaa, na zilileta habari. Kwamba merikebu Guardian, iliyokuwa imejazwa vyakula vyetu, iligonga mlima wa barafu Desemba iliyopita, mbali kusini mashariki ya Cape Town. Kwamba tarehe 3 Juni merikebu Lady Juliana ilifika Port Jackson ikiwa na wanawake kutoka nyumbani. Niliwauliza kila aliyeshuka kama anatoka Wapping. Hakuna aliyemjua mama yangu. Kuhusu karatasi za hukumu zangu, hakuna aliyejua lolote.

Posho ilipoongezwa nilimwendea yule mwenye leso. Nilidhani bei itakuwa imeshuka kwa kuwa unga umepatikana, naye akasema bei ni ile ile, na kwamba sasa wako wengine wanaoitaka. Nilimpimia unga wote wa wiki mbele ya shahidi, ratli kwa ratli, nikaichukua. Ilikuwa imekatwa ncha moja, na pindo limefumuka. Wiki ile nilikula viazi na kilele cha mchikichi mwitu, bila mkate.